Mkeka wa Kulalia Kuku

Harufu ya ukindu uliochemshwa na rangi imenisimamisha leo sokoni, katika mji nisio na ndugu. Imenirudisha barazani kwetu Makorora, miezi ile bibi alipopata kiharusi.

Mikono yake ilipona, lakini majina yakapotea na kusema akaacha. Kila asubuhi mama alimwinamia akamuuliza, "Mama, mimi nani?" Bibi alimtazama kama mgeni aliyekosea mlango.

Siku moja nilikaa karibu yake nikisuka ukili, utepe wa majani ya ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, nikaruka jani moja. Bibi akaninyang'anya, akafumua, akasuka upya. Vidole vilikwenda mbio huku macho yake yako barabarani.

"Mkeka huu ataulalia nani, kuku?"

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama, umesema!"

"Nisiseme vipi, na mtoto wako anaharibu ukindu?"

Mtoto wako. Mama aliketi sakafuni akacheka, akijifuta machozi kwa kanga.

Ukubwani nilisoma kwamba ubongo huweka majina mahali pake na kazi ya mikono mahali pake. Bibi hakulipata tena jina la mama, ila tangu siku hiyo mama hakumuuliza. Kila asubuhi alimletea ukindu, wakakaa wakisuka.