Usimwulize Kama Amechoka

Nakumbuka asubuhi ile baba alipowashusha mbwa wawili kutoka kwenye lori la mkonge. Nyanya yangu alikuwa mlangoni akipepeta mahindi. Akasimama, ungo mkononi, akawatazama kwa muda, kisha akauliza, "Hawa ni mbwa, au umetuletea ndama?"

Baba alifanya kazi katika shamba la mkonge karibu na Voi. Msimamizi wake alikuwa amerudi kwao ng'ambo, na wale mbwa hakuweza kusafiri nao. Kwetu Rukanga hatukuwa tumeona mbwa wa kimo kile. Mbwa wetu walikuwa wembamba, wa kufukuza nyani shambani mchana na kulala jikoni usiku. Hawa walikuwa na vifua kama ngoma na manyoya ya rangi ya udongo wetu mwekundu. Dume alikuwa na alama nyeupe shingoni kama kola ya shati, tukamwita Karani. Jike hakuweza kungoja hata uji upoe, na nyanya, aliyependa mzaha wa taratibu, akampa jina la Subira.

Miaka ile, mwanangu, tuliyoiita miaka ya hamsini, mimi nilikuwa kijana niliyemaliza shule ya misheni na kungojea nafasi ya kusomea ualimu. Kazi yangu ilikuwa kulinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe mwitu. Niliondoka na mbwa alfajiri kukagua mashamba yaliyo chini ya mlima Kasigau. Siku za kwanza tulitembea. Kisha Subira akaanza kukimbia, Karani akamfuata, nami ningefanya nini? Nikakimbia. Na nilipoanza, Mungu anisamehe, niliyasahau mahindi.

Ilikuwa kipupwe, miezi ya baridi, wakati ukungu unaposhuka mlimani hadi kwenye paa za nyumba. Tulikimbia ndani ya ukungu huo, nikisikia pumzi zao kabla ya kuwaona. Majani yalitudondoshea maji mgongoni. Nilirudi nyumbani nimelowa kana kwamba nimebatizwa upya. Nisikufiche, sala tamu kuliko zote za ujana wangu nilizisali nikikimbia, kwa maana kinywa kilikuwa na kazi ya kuhema, na moyo ukabaki peke yake na Muumba wake.

Watu walinicheka. Siku zile mtu mzima hakukimbia bila sababu. Akina mama waliokwenda shambani waliniita, "Mwadime! Leo umeiba nini?" Na mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema mwenye sauti nzito, alinisimamisha njiani akasema, "Kijana, mtu anayekimbia bila kufukuzwa, ama ameiba ama ameitwa. Wewe ni lipi?"

"Nimeitwa, mzee."

"Na nani?"

Nikamwonyesha wale mbwa. Alicheka mpaka akashika mti.

Vuli ikaja na mvua zake fupi. Nchi yetu kavu ilivaa kijani kwa muda mfupi, kama maskini aliyeazimwa nguo ya harusi. Tuliruka vijito ambavyo wiki iliyotangulia vilikuwa mchanga mtupu. Karani alipenda kukimbia karibu nami, bega lake likigusa paja langu. Subira alikwenda mbele, akirudi kila mara kuona kwa nini tumechelewa. Nilijiona tajiri. Chini ya mbingu hakukuwa na kijana mwenye marafiki kama wangu.

Kisha vuli ikaisha, na kiangazi kikatukamata.

Wewe unayekaa mjini na kufungua mfereji huenda usijue kiangazi cha upande wetu. Majani yanaanguka, miti inabaki miiba mitupu, na chemchemi ya mlimani inatoa uzi mwembamba wa maji ambao akina mama huungojea tangu kabla ya mapambazuko. Nyanya aliniambia mapema, "Sasa mkimbie kukiwa bado na giza, na jua likichomoza muwe mmerudi. Hao ndama wamebeba miili mikubwa. Jua huingia haraka na hutoka polepole." Nikamsikia. Nikatii pia, kwa muda.

Binamu yangu Mwakio alikuwa na baiskeli, ya kwanza katika ukoo wetu, na mtu mwenye kitu cha kwanza huwa hana raha mpaka akionyeshe. Alifika kwetu siku moja jua likiwa tayari linauma, akawakuta mbwa wamelala kivulini.

"Hao ni mbwa wa veranda," akasema. "Wamezoea kulishwa nyama na kulala kwenye saruji. Wapeleke Bungule saa hizi uone. Utarudi nao mgongoni."

"Hawa? Watafika kabla ya hilo dude lako."

"Basi nitakungoja Bungule. Ukifika nimeshazeeka, usinilaumu!" Akapanda baiskeli, akaenda zake akipiga kengele njia nzima.

Bungule iko upande mwingine wa mlima. Nilijua saa, nilijua jua, nilijua neno la nyanya. Lakini nilikuwa kijana, na kengele ile ilikuwa bado inalia masikioni mwangu. Nikapiga mluzi. Mbwa wakainuka.

Hatukufika mbali kabla Subira hajatoka njiani na kulala chini ya mgunga. Nikamwita. Akanitazama, akaweka kidevu juu ya miguu yake ya mbele. Nikamwita tena kwa ukali. Akafumba macho. Yule asiyeweza kungoja uji upoe siku hiyo alistahili jina lake. Nilimcheka, nikasema, "Basi baki, mvivu wewe."

Karani alisimama katikati yetu. Akamtazama mwenzake kivulini, akanitazama mimi juani. Kisha akaja kwangu.

Mwanangu, mengi niliyaona baadaye, nilizika wazazi na nilisimama mbele ya watu wakubwa, lakini mtazamo ule wa Karani bado ninao.

Tulikimbia. Ardhi iliwaka kupitia viatu vyangu vya matairi, na yeye hakuwa na viatu. Mara kwa mara niligeuka nikamwuliza, maana sikuwa katili, "Karani, umechoka?" Naye akatikisa mkia. Nikaridhika, nikaendelea. Tukafika kwenye korongo nililotegemea kupata maji. Palikuwa na mawe tu. Nilipogeuka mara nyingine, ulimi wake ulikuwa umepanuka na kuwa wa rangi ya zambarau, mate yamekuwa mazito kama gundi, na miguu ya nyuma inapishana kama ya mlevi. Nikataja jina lake. Akaanguka. Na hata alipokuwa amelala pale, macho hayanioni tena, mkia wake ulikuwa bado unapiga vumbi.

Nilimbeba mabegani kama mchungaji abebavyo kondoo, ila kondoo huyu alikuwa na uzito wa mtu. Maneno ya Mwakio yalitimia kabla ya yeye kuzeeka. Nilirudi njia ile ile nikilia na kuomba, nikimwahidi Mungu mambo ambayo mengine sijayatimiza hadi leo.

Pale kwenye mgunga nilimkuta nyanya. Alikuwa akirudi kutoka chemchemini na debe lake la maji, akamwona Subira peke yake, naye alielewa. Alikuwa ametua debe akakaa kungoja.

Hakuniuliza kitu. "Mlaze hapa," akasema. Akachota kwa kibuyu, akamwagia Karani tumboni, kwapani, chini ya nyayo, masikioni. Mdomoni alimdondoshea matone machache tu kutoka kiganjani. Akavua leso yake, akanipa nimpepee. Maji yale ndiyo yaliyokuwa maji yetu ya siku nzima.

Wanawake wawili waliokuwa wakipita na madebe yao wakasimama. "Mama, maji ya kupikia unamwogesha mbwa?"

"Ni wa nyumbani," nyanya akajibu bila kuinua kichwa. "Leo tutakula mihogo ya kuchoma."

Nilipepea mpaka mikono ikafa ganzi. Sikujua kama anakufa au anarudi. Subira alikuja akajilaza upande wa pili, akamlamba sikio. Kivuli kilikuwa kimesogea upande mwingine wa shina ndipo pumzi ya Karani ilipopungua kasi, akameza mate, na jicho moja likanitafuta likanipata.

Hapo ndipo nilipoweza kusema. "Nyanya, nilimwuliza. Njia nzima nilimwuliza kama amechoka. Alitikisa mkia."

"Ulimwuliza," akasema. "Ulitegemea akujibu nini?"

Akachukua leso yake, akakamua pindo lake. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Unajua, au kama hujui waulize wazee, kwamba wakati wa vita vya kwanza vya wazungu watu wote wa mlima wetu walihamishwa, wakapelekwa pwani, wakakaa huko miaka mingi. Nyanya alikuwa msichana. Walitembea juani, na mama yake alikuwa amembeba mtoto mdogo mgongoni na chungu kichwani.

"Nilimwuliza, 'Mama, umechoka?' Akasema, 'Sijachoka, mwanangu, tembea.' Tukaenda. Nikamwuliza tena. 'Sijachoka, tembea.' Nilifurahi, maana mimi nilikuwa nimechoka na sikutaka kubeba mtoto. Akajibu hivyo hivyo mpaka alipokaa kando ya njia, akanikabidhi mtoto, na hakuinuka tena." Akaweka mkono juu ya ubavu wa Karani, mkono ukapanda na kushuka na pumzi yake. "Nilikuwa nasikiliza mdomo wake, Mwadime. Sikutazama miguu yake. Anayekupenda usimwulize kama amechoka. Mtazame."

Hilo ndilo karipio lote nililopata. Hakunichapa wala hakumwambia baba. Ningependa angenichapa.

Karani alisimama jioni, kwa miguu ya kutetemeka, akanywa. Kesho yake asubuhi Mwakio alifika akisukuma baiskeli, na juu ya kiti cha nyuma amefunga debe la maji. Hakupiga kengele. "Nyanya," akasema, "mimi sikutaka mbwa afe." Nyanya akamjibu, "Najua. Ulimi hauna mfupa, mjukuu wangu. Tua maji, uje unywe uji."

Masika yalipokuja na matope na kupe, nilianza shule nyingine ambayo haikuwa na ubao. Nilijifunza kuwasoma mbwa wangu. Sikio likilegea, ulimi ukikunjika ncha, hatua ya nyuma ikianza kuburuta na kuacha mstari ardhini, niliketi. Jioni niliwatoa miiba katikati ya vidole kwa sindano ya nyanya. Tulikimbia kidogo kuliko zamani, tena kwa furaha kubwa zaidi. Mwenda pole hajikwai.

Kipupwe kikarudi. Jumapili moja tulikuwa tukienda kanisani, nyanya mbele kama kawaida yake, akiimba, mimi na mbwa nyuma. Hakuwahi kuchelewa ibada, na hakuruhusu mtu kumshika mkono. Nilikuwa nikitazama chini, kwa mazoea. Nikaona nyayo zake. Mguu wa kushoto ulikuwa unaacha mstari vumbini.

Kinywa changu kilifunguka kuuliza. Nikakifunga. Nilijua jibu: sijachoka, tembea.

"Nyanya," nikasema, "mimi nimechoka. Tupumzike kidogo."

Akageuka. "Wewe? Wewe unayekimbizana na ndama milimani?"

"Miguu imekataa leo."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akatafuta jiwe, akakaa, na akatoa pumzi ambayo sijui alikuwa ameibeba tangu lini. Karani akaenda akaweka kichwa chake kizito mapajani mwake. Alikipapasa, ukungu ukatupita taratibu.

Tulifika wimbo wa pili ukiimbwa. Watu wakageuka, kwa kuwa nyanya wa kuchelewa hawakumjua. Naye akasimama wima mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mtusamehe. Mjukuu wangu alichoka njiani."

Kanisa zima likacheka. Yule mzee mwenye sauti nzito akasema, "Kumbe aliyeitwa naye huchoka!" Nilichekwa, mwanangu, mpaka machozi yakawatoka watu, na sijawahi kupokea kicheko kwa shukrani kama siku ile.

Basi nasaha yangu ni hii, wala si nyingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hasa akiubeba huku anatabasamu. Yuko mtu anayekimbia nawe juani kwa sababu tu ni wewe uliyepiga mluzi. Huenda ni mama yako, anayeamka kabla ya jogoo. Huenda ni mke, mume, ndugu anayekulipia karo. Ukimwuliza, atakuambia hajachoka. Usimwulize, mtazame miguu. Na ukishaona, usimwaibishe kwa huruma ya kelele. Sema wewe ndiwe uliyechoka, mkae wote wawili, na kama watu watacheka, wakucheke wewe.

Mungu aliyewapa wanyama wasiosema moyo wa kutufuata akupe macho ya kuwaona wanaokufuata. Akupe kivuli katika kiangazi chako, na maji ya kumgawia mwingine. Na siku mguu wako utakapoanza kuandika mstari vumbini, akuwekee nyuma yako mtoto anayetazama chini. Amina.