Nililala Siku ya Shukrani Yangu

Daktari aliponiambia kwamba saratani ya damu haionekani tena na matibabu yamekwisha, nilimpigia simu mama, kijijini Kibakwe, nikiwa bado kwenye korido ya hospitali. Alipiga vigelegele hadi simu ikakwaruza. Nikarudi Dodoma, kwenye chumba nilichopanga Kizota, nikaketi kitandani nivue viatu. Kimoja nilikivua. Cha pili kikanishinda. Nikajilaza nacho, huku mafundi wa jirani wakikata vyuma.

Nilidhani ni uchovu wa safari. Lakini wiki zilipita, miezi ikapita, na bado kufua shuka moja kulinimalizia siku. Nilikuwa nikilala naamka nimechoka kama niliyekesha shambani. Na wageni walikuwa wameacha kuja. Nilipokuwa naumwa, wanakwaya walileta uji na maombi, majirani walinichotea maji. Sasa walinipungia mkono kwa furaha, wakapita. Nani ataleta uji kwa mtu mzima wa afya?

Kazini ilikuwa vibaya zaidi. Mimi ndiye ninayeandika mihtasari ya vikao ofisini kwetu, na zamani nilisifiwa kwa hilo. Siku moja bosi alisema, "Hebu tusomee pale tulipofikia." Nikatazama karatasi. Mwandiko ulikuwa wangu, ila sentensi zilikatikia katikati na sikujua nani alikuwa amesema nini. Watu walinisubiri. Nikasikia feni inavyozunguka.

Baada ya kikao bosi aliniita pembeni. Hakuwa mkali. "Nywele zimerudi, umependeza," alisema. "Si ulishapona lakini?"

"Nimepona, bosi," nikajibu, nikakusanya karatasi zangu.

Kliniki waliniambia kwamba vipimo vyangu ni vizuri, na kwamba uchovu wa namna hiyo na kichwa kuwa kizito huwapata wengi baada ya dawa zile, wengine kwa muda mrefu. Nilishukuru kusikia hivyo. Kisha nikakaa kwenye benchi la nje nikalia, maana sikuwa na mtu wa kwenda kumweleza habari hiyo.

Baada ya mavuno mama alitangaza shukrani kule Kibakwe, nami nikasafiri. Alichinja mbuzi, akaalika ukoo, akaomba nafasi ya ushuhuda kanisani. Nilisimama mbele ya waumini nikiwa na gauni jipya aliloniletea kutoka kwa fundi. Nikasema, "Namshukuru Mungu kwa..." na neno likanipotea. Nililitafuta. Niliona nyuso za watu walioniombea mwaka mzima, zikitabasamu, zikisubiri. Mwishowe kwaya ikaanza wimbo, na wote wakadhani nimezidiwa na furaha.

Nyumbani niliingia ndani ninyooshe mgongo kidogo kabla ya chakula. Nilipozinduka, jua lilikuwa limeshaegemea milima na akina mama wanaosha sufuria. Wageni walikuwa wamekula, wamecheza, wameondoka. Shangazi yangu alikuwa mlangoni.

"Watu wametoka mbali kuja kukuona," alisema, "na wewe umelala. Wanasema mji umekupa majivuno."

Alipoondoka, mama akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, bado na kanga yake ya sherehe.

"Una nini, mwanangu?"

"Nimechoka, mama."

"Hata mimi nimechoka leo."

"Siyo leo. Tangu nilipotoka hospitali. Ugonjwa umeisha, wamepima, haupo. Ila nguvu hazijarudi. Na kichwa nacho. Nasahau vitu ninavyovijua. Kanisani sikuzidiwa na furaha. Nilisahau nilichotaka kusema."

Akaanza kukunja shuka lililokuwa miguuni pangu, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana."

Alinivua viatu, nilikuwa nimelala navyo, akaviweka chini.

Asubuhi nilisikia watu uani wakiniulizia. Mama akawajibu kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza habari za mvua, "Amelala. Zile dawa bado zinamchosha. Msimwamshe." Nilikuwa macho. Nikajifunika shuka hadi kichwani na kusikiliza wanavyoshusha sauti.

Niliporudi kazini nilimweleza bosi ukweli wote. Sasa vikao virefu anaandika mwenzangu, mimi nafanya kazi za asubuhi, na mchana nikizidiwa naruhusiwa kuondoka. Wenzangu hucheka pamoja wakati wa chai nikiwa nimeegemeza kichwa mezani. Wamezoea kutoniita. Jumapili sitoki, majirani hawabishi hodi.

Mama hupiga simu jioni. Ninapopotea katikati ya sentensi hanidokezi neno. Ananyamaza tu, namsikia akipumua na kuku wake nyuma yake, hadi nilipate au niliache.