Kigezo Nilichokiweka Kando

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata nikitaka kuisahau. Nilikuwa daktari wa meno kijana, mikono myepesi, kichwa kimejaa majivuno. Alinijia Bi Rukia wa Mkomani, mwalimu wa Kurani, nimpandikizie jino la chini kwa skrubu ndani ya taya.

Picha za taya zilikuwa zimeshapigwa. Kompyuta ilipanga skrubu ipite wapi, kikatengenezwa kigezo cha plastiki kinachokaa juu ya meno, chenye tundu la kuongoza keekee inayotoboa mfupa. Nilimwonyesha. Kisha nikaona kinanikawiza, nikakiweka kando, nikatoboa kwa macho. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Kesho yake alirudi, kiganja kidevuni.

"Daktari, mdomo upande huu siusikii. Harufi be na mimu zanitoka vibaya, watoto wanacheka. Kile kigezo, ulikitumia?"

Uongo ulinijia ulimini, nikaumeza. "Sikukitumia, Bi. Nimeugusa mshipa wa fahamu."

Akasema: "Mtoto akiruka harufi moja, mimi humrudisha mwanzo wa aya. Wewe ukipotea ndia, ni nani akurudishe?"

Niliitoa skrubu papo hapo. Miezi minne alisomesha mdomo ukiwa ganzi, hakukosa hata siku moja, mpaka ganzi ikamtoka. Alhamdulillahi. Aibu yangu haijatoka.

Tangu hapo nimekuwa mkaidi, na sijutii. Mwaka mmoja aliletwa mzee kutoka Kiwayu, kigezo chake kikawa kinacheza mdomoni. Mkubwa wangu akafoka, "Toboa tu! Si wewe mkongwe wa kazi?"

Nikavua glavu. "Sitoboi. Ukitaka nifukuze."

Wenzangu wakaniita mwoga, jina hilo nikaliitika kwa sauti. Mzee alisubiri kigezo kingine, kikakaa sawasawa, nikapandikiza. Leo anatafuna apendacho.

Basi sikiza, mwanangu, unayeianza kazi hii. Usione haya kuongozwa, wala usikiamini kigezo kabla hujahakikisha kimekaa. Anayekuharakisha hatabeba ganzi ya mgonjwa wako. Wakikucheka, wacheke. Wakikusukuma, simama. Taya ni la mwenyewe, nawe umeaminiwa tu.

Mola akupe mkono mtulivu, na ulimi usioogopa kusema sitaki. Amin.