Lami Juu ya Paa la Gari

Gari langu la kulala lilikuwa basi dogo kuukuu. Niling'oa viti, nikaweka kitanda, jiko la gesi na kabati. Nyumba nyingine sikuwa nayo. Nilizunguka nalo kutoka Embu hadi Muthara, na nikajifunza kwamba gari la namna hiyo hufia paani. Kila mwaka kabla ya mvua unapanda, unakwangua gundi iliyokauka kwenye maungio ya bati, unapaka mpya. Ukipuuza, maji huingia kimyakimya, mbao za ndani zinaoza, na gharama yake haina mwisho.

Mwaka ule mgongo ulinikatalia kupanda. Nikampelekea gari rafiki yangu wa Mitunguu, fundi wa mabati, pamoja na makopo ya gundi niliyoyatafuta hadi Nairobi. Mimi naye tulitahiriwa siku ileile, tukauguza vidonda katika kibanda kimoja. Kwetu watu wa rika moja hawakaguani. Kupanda ngazi kuangalia kazi yake kungekuwa matusi.

"Umeziba maungio yote?" niliuliza tu.

"Umekuwa mkaguzi wa shule? Enda ulale. Mvua ikinyesha utaota uko kwa mama yako!"

Tukacheka, nikaondoka.

Mvua ilinikuta Kinoru. Asubuhi moja niliegemea ukuta juu ya kitanda, kiwiko kikazama kama kwenye ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikamwita makanika, akapanda.

"Mzee, nani alikupakia lami na vipande vya gunia? Hii ni dawa ya nyumba. Nyumba haitembei. Gari likitikisika, lami inapasuka."

Mbao zote za juu zilikuwa zimeoza. Alisema gari halitengenezeki tena.

Nilirudi Mitunguu kwa miguu yangu. Kwenye mifereji ya kukingia maji ya mvua ya nyumba ya rafiki yangu niliiona gundi yangu, imepakwa vizuri, kila kiungo.

"Mama watoto alikuwa anachota maji mtoni," alisema kabla sijauliza. "Wewe huna mke, huna ng'ombe, unazurura tu. Nikaona utavumilia."

"Si ungeniomba? Ningekupa."

"Tangu lini mtu wa rika akaomba?"

Mkewe akaniletea uji. Nilikuwa na njaa, lakini niliurudisha mbele yao wote wawili, na rafiki yangu akainamisha kichwa, kwa sababu alijua maana yake: kwetu ukikataa chakula cha mtu wa rika lako, umeuvunja undugu.

Gari liliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sasa nimepanga chumba Embu, na habari za barabara nazisikia kwa wengine.