Eda ya Bi Tumu Ndani ya Karavani

Karavani ile ilikuwa nyembamba hivi kwamba Bi Tumu alipotaka kugeuka kitandani, ilimbidi atoke nje, ageukie uani, halafu arudi ndani alalie ubavu wa pili. Anayebisha na aende akapime mwenyewe, ila amechelewa, maana bati lake siku hizi limeshakuwa masufuria ya watu.

Kabla ya hapo alikuwa na nyumba. Nyumba hasa, ya matofali, huko Mayfair, Johannesburg, yenye varanda mbele na mlimau nyuma, na msikiti karibu hivi kwamba muadhini akikohoa, Bi Tumu anamwambia afya. Ilikuwa ya kupanga, lakini walikaa humo mpaka kuta zikawajua majina. Mtu yeyote aliyetoka Tanga akashuka Johannesburg na kibegi chake, kabla hajajua kaskazini ni wapi, alishalala kwa Bi Tumu na kula wali wake. Mumewe, Khatibu, alikuwa na cherehani yake varandani, akishona kanzu na kuwasengenya wapita njia. Mtoto hawakujaaliwa. Wageni ndio walikuwa watoto wao, na wageni, kama watoto, wakishakua hawarudi.

Mwaka 2016 mwenye nyumba akafa, wanawe wakaiuza, na aliyeinunua akataka kuvunja ajenge maduka. Khatibu akatoka asubuhi kutafuta chumba. Jioni akarudi akivutiwa karavani nyuma ya gari la mtu, ameketi kiti cha mbele kama bwana harusi.

Bi Tumu akasimama varandani, mikono kiunoni. "Khatibu, hilo debe la dagaa umeliokota wapi?"

"Nyumba hiyo, mke wangu. Ina magurudumu. Jirani akikuchosha, unamhama na kitanda chako."

"Nyumba haifungwi kwenye mkia wa gari."

"Ngoja. Iko siku utaiita nyumba kwa mdomo wako mwenyewe."

"Labda afe mtu kwanza," Bi Tumu akasema. Wakacheka wote wawili. Maneno mengine huondoka mdomoni yakicheka, yakarudi yakilia.

Basi ikaanza kazi ya kupunguza. Kabati la vioo likaenda kwa fulani, meza ikaenda kwa fulani, friji ambalo Bi Tumu alikuwa akiuzia barafu za ubuyu likabebwa na vijana wawili, na yeye akalisindikiza hadi getini kama anamsindikiza mgonjwa. Makochi yalikaa nje ya geti, na kabla chai haijapoa yalikuwa yameshapata mwenyewe. Kitu kimoja tu alikikatalia: sufuria la pilau ya harusi, kubwa hivi kwamba ng'ombe angeweza kupotea humo na kwato zake.

"Tumu, tutalala wapi nalo?"

"Lala nje weye. Sufuria litalala ndani."

Likaingia. Likafudikizwa karibu na mlango, likawa kiti cha mgeni. Cherehani ikalala miguuni pao kitandani, na usiku wa baridi chuma chake kiliwachoma nyayo kama barafu. Katikati ya sakafu Khatibu alitandika zulia jekundu, jipya, akamwambia mkewe, "Hapo usipakanyage. Tusilichakaze." Bi Tumu akawa analiruka kila siku, akienda jikoni na akirudi, hatua mbili zote hizo, huku akimcheka mume kwa kupenda makuu. Hakuuliza zaidi. Mke wa Kitanga akiambiwa kitu kitunzwe, hukitunza.

Karavani waliiegesha nyuma ya nyumba ya Mahmoud, mwenye duka la nguo hapo hapo Mayfair. Mahmoud hakuwa mtu mbaya. Aliwapa maji, akawavutia waya wa umeme kupitia dirishani, akawaambia wakae mpaka atakapojenga.

Wakakaa miaka miwili. Sasa, baridi ya Juni ya Johannesburg haibishi hodi. Inapita kwenye bati kama bati ni chandarua. Mwaka 2018 ilikuja baridi ambayo muadhini akiadhini alfajiri, sauti iliganda njiani, watu wakaisikia saa nne jua lilipoiyeyusha. Kifua cha Khatibu kikaanza kukwaruza. Hospitali walimpa dawa, wakamwambia alale mahali pakavu, penye joto. Akarudi kulala mahali penye baridi, penye kuvuja. Bi Tumu akamfunika kanga zote alizonazo, na juu ya kanga akaweka kanzu za wateja.

Asubuhi moja, akinywa chai ya tangawizi, Khatibu akagonga ukuta kwa kidole. Ko, ko.

"Tumu. Hii ni nini?"

"Bati."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamlaza, na chai ikapoa kikombeni.

Jeneza halikupita mlangoni. Walijaribu kwa kichwa, wakajaribu kwa ubavu, halikupita. Ikabidi wamfunge Khatibu kwenye shuka, wamsimamishe wima, watu wawili kwapani, wamebana kutani, wakamtoa hivyo hivyo, kama mtu anayeondoka kwa miguu yake. Bi Tumu alikuwa kitandani, amejifunika uso. Alichokiona chini ya pindo la kanga ni nyayo za mumewe zikipita juu ya zulia jekundu bila kulikanyaga.

Akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, mjane hatoki nyumba alimoachwa na mumewe, hajipambi, hajipaki manukato. Wengine wanaona taabu. Bi Tumu alikaa kama mtu aliyepewa kazi. Mwenzake wa kutoka Tanga, Ummi, aliyekuwa akiuza maandazi na kupanga kona ya fleti huko Berea, alimletea chakula na umbea, akamsugulia mgongo, akamwambia nani kaachika.

Eda ilikuwa bado haijafika nusu, matofali yakashuka uani.

Mahmoud akaja dirishani, kageuka kisogo kwa adabu, akazungumza na ukuta wa jirani. "Bi Tumu, pole. Naona haya kukwambia. Fundi amefika, na mchanga ndio huo. Nilimwambia marehemu tangu Ramadhani."

"Alijua."

"Kipo chumba ndani kwangu, kwa mama watoto. Ingia umalizie humo. Sitaki kitu. Karavani tutaiuza kwa vyuma chakavu, upate cha kukusaidia."

"Ahsante, mwanangu. Sitoki."

Akaletwa Sheikh Mwadini, mzee wa ndevu nyeupe na magoti mabovu. Hakukuwa na pa kumkalisha ila ngazi ya mlango. Akakohoa, akasema, "Bi Tumu, dini ina huruma. Mjane akilazimika kuhama kwa dharura, anahama, na eda yake ni sahihi. Akichelea nyumba kumwangukia, anahama."

"Sheikh, nyumba yangu haijaniangukia."

Ummi, aliyekuwa ameketi juu ya sufuria, akageuza shingo taratibu. "Umesema nini?"

Bi Tumu akavuta kanga usoni.

"Umesema nyumba, shoga'angu. Nimekusikia. Miaka miwili ulikuwa ukiita debe, ukiita kiberiti, ukiita jeneza la bei rahisi."

"Ndiyo nimesema." Sauti yake ikashuka. "Alinisubiri nilitamke, Ummi. Aligonga ukuta akaniuliza, nami nikamjibu bati. Sasa nikitoka humu kabla eda haijaisha, itakuwa ni kweli: aliniacha kwenye bati. Mwanamume gani aliyeniacha kwenye bati? Mie aliniacha kwenye nyumba. Nitaikalia mpaka imalizike."

Sheikh akatazama chini, akahesabu tasbihi ambayo hakuwa nayo mkononi.

"Na ina magurudumu," Bi Tumu akaendelea. "Alinambia mwenyewe. Basi na iende, nami niwe ndani. Nitakuwa nimetoka nyumbani?"

Sheikh akakuna ndevu. "Hilo... kitabuni silikumbuki."

"Basi halikukatazwa."

"Subhanallah," akasema sheikh, akajiinua ngazini akishika magoti.

Ummi akamtafuta Emery, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa mlinzi wa fleti yao Berea na mwenye pikapu iliyozeeka kuliko yeye. Nyuma ya jengo kulikuwa na nafasi, kando ya mapipa ya taka. Emery akaja, akaizunguka karavani, akapiga teke matairi, akatikisa kichwa.

"Mama, iko kuoza. Toka tu, utapanda mbele pamoja na mimi."

"Mie niko edani. Nipande mbele na mwanamume?"

"Eish! Na polisi wakiona mutu ndani?"

"Nitafunga pazia."

"Mama, njo mara ya kwanza naona mutu anahama bila kutoka."

"Ndiyo uone sasa. Twende."

Wakafungua waya wa umeme, wakaifunga karavani kwenye ndoana, na nyumba ya Bi Tumu ikaondoka Mayfair. Ndani, mjane aliketi juu ya sufuria lake, kanga usoni, tasbihi mkononi. Vikombe vikaanguka. Cherehani ikateleza kitandani ikapiga ukuta, ko, ko, naye akageuka upesi. Akaona kupitia mwanya wa pazia mlimau wake wa zamani, umekatwa, kisiki tu kando ya ukuta wa duka. Akafunga mwanya.

Sufuria nalo halikutulia. Walipopinda kuingia Newtown, likaanza kusota, likamchukua na yeye juu yake, taratibu, kama mtu anayesukumwa kwenye sherehe, mpaka katikati ya zulia jekundu.

Sakafu ikasema krrr. Halafu haikusema tena.

Ndipo Bi Tumu alipojua Khatibu alikuwa akitunza nini. Chini ya zulia mbao zilikuwa unga mtupu. Sufuria likamponyoka, likatumbukia barabarani na kelele zilizowafanya njiwa wa Newtown wahame mkoa. Yeye akashika kitanda kwa mkono mmoja na kabati kwa mkono mwingine, na miguu ikatokeza chini ikakuta lami. Emery mbele hakusikia kitu, redio ilikuwa inaimba. Gari likawa linatambaa kuelekea roboti, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huko, na Bi Tumu, afanyeje, akatembea. Alitembea ndani ya nyumba yake. Waliokuwa pembeni waliona karavani yenye magurudumu mawili na miguu miwili myembamba ikiharakisha katikati, na mwanamke mmoja muuza mahindi akaapa kuacha pombe, na pombe alikuwa hanywi.

Taa ikawa nyekundu. Emery akasimama. Ekseli ikakatika, na nyumba ikapiga goti upande mmoja.

Honi zikalia. Askari wa barabarani akafika, akafungua mlango, akamkuta bibi kizee amesimama juu ya lami kiunoni mwa nyumba, amejifunika uso. Akashusha sauti. "Gogo, phuma," yaani, bibi, toka nje.

"Mwambie sitoki," Bi Tumu akamwambia Emery, aliyekuwa amekuja mbio.

"Mama, pa kutoka ni wapi tena? Nyumba haiko."

Bi Tumu akatazama. Bati la upande mmoja lilikuwa limefunuka na barabara yote ilikuwa inaonekana: magari, watu, simu zilizoinuliwa zikipiga picha. Akatazama lami chini ya nyayo zake, na kipande cha zulia jekundu kimezungukia kifundo cha mguu.

"Shuhudia, Emery," akasema. "Mie sikutoka. Ni yenyewe iliyotoka, ikaniacha."

Hakulia. Wanawake wawili wasiomjua, Wazulu, wakavua mablanketi yao mabegani, wakamzungushia pande zote asionekane, wakamwingiza ndani ya pikapu huku wakimwimbia kitu polepole. Emery akamwuliza achukue nini. Sufuria lilikuwa limegongwa na basi, limekuwa sinia. Cherehani imevunjika shingo. Bi Tumu akaonyesha mlango.

"Mlango, mama? Wa nini?"

"Ng'oa."

Wasukuma mikokoteni ya vyuma chakavu walikuwa wameshazunguka kama wageni wa karamu. Walipofika yeye na Emery mwisho wa barabara, paa lilikuwa limeshaondoka.

Lifti ya fleti ya Berea ilikuwa mbovu tangu zama za Nuhu. Emery akaubeba mlango mgongoni mpaka juu. Sebule moja ya fleti ilikuwa imegawanywa kwa mapazia, kila kona mpangaji wake. Kwenye kona ya Ummi wakauegemeza mlango wa karavani kati ya kabati na ukuta, ukasimama, na nyuma yake, mahali panapotosha godoro na mtu mmoja, Bi Tumu akaendelea na eda. Sheikh Mwadini alituma salamu kwamba ni sahihi. Bi Tumu hakuwa ameuliza. Kila asubuhi alinyoosha kidole akaugonga mlango ule kwa ndani. Ko, ko. Ummi, upande wa pili, alijua asiitike.

Oktoba ikaingia, mvua za mawe zikapiga madirisha, eda ikaisha. Ummi akamwogesha, akamvika kanga mpya aliyoinunua kwa maandazi ya wiki nzima, akamfukizia udi.

"Haya, shoga'angu. Toka."

Bi Tumu akakamata kitasa. Akakizungusha mpaka mwisho, ingawa mlango haukuwa na fremu ya kuufunga, na ungeweza kusukumwa na kichanga. Akavuka kwa mguu wa kulia. Sebuleni mpangaji mmoja alikuwa anakula mkate na chai, mwingine anapiga pasi sare ya ulinzi. Hakuna aliyeinua kichwa. Watu wanatoka na kuingia hapo siku nzima.

Akageuka, akaurudisha mlango taratibu mpaka ukaegemea ukuta, akatoa ufunguo wa karavani uliokuwa umefungwa kwenye pindo la kanga, akauzungusha kwenye tundu la kitasa.

"Unafunga nini, Tumu?" Ummi akauliza. "Hakuna kitu humo."

"Nyumba yangu," akasema Bi Tumu, akatafuta mahali pa kukaa.