Vifaranga Waliopona Wote

Nimefutwa kazi kwa kufanya kazi vizuri. Chekeni tu, nimezoea.

Nilikuwa nalisha vifaranga kwenye maabara moja hapa Busia. Daktari aliwadunga bakteria aone kama kuku wa kienyeji wanaweza kushinda ugonjwa kwa kinga waliyozaliwa nayo. Hilo nimelijua juzi. Mimi nilipewa koti na ufagio, maelezo hapana.

Asubuhi moja nikawakuta wanasinzia, mabawa yameshuka. Nikafanya kile kila mfugaji kutoka Bumala mpaka Amagoro hufanya: nikanunua pakiti ya dawa ya kuua bakteria kwa agrovet, duka la dawa za mifugo, nikakoroga kwenye maji yao.

Wakapona wote. Daktari akaita wageni kutoka Nairobi, akawaambia siri iko ndani ya damu ya kuku wetu. Mimi nimesimama nyuma, kifua mbele, najiona mganga.

Mama mmoja kati ya wale wageni akanigeukia. "Na wewe mzee, umewatunza namna gani?"

Tangu niajiriwe, hakuna mtu alikuwa ameniuliza kitu pale. Nikaingiza mkono kwenye koti, nikatoa ile pakiti, nikamkabidhi kwa mikono miwili.