Alama za Mikono kwenye Ngao ya Lori

Ninamtukuza Mungu Baba, aliyeficha chuma ndani ya udongo wa Ufipa na kuwapa babu zetu akili ya kukitafuta. Amenihifadhia macho na mapafu katika kazi iliyowachosha wengi mapema, na leo nina nguvu ya kuketi mezani na kuandika. Utukufu ni wake. Makosa nitakayoyasimulia ni yangu.

Siku ya kwanza kazini niliripoti nimevaa shati jeupe. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ukatekista, na kwa kuwa kufundisha dini hakukulisha familia, nilitafuta kazi ya mikono. Fundi Mkuu wa karakana iliyonipokea Sumbawanga, mtu wa Mbeya mwenye sauti ya chini, alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Umekuja kazini au umekuja Misa?"

"Kazini, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi, Katekista, vua hilo shati. Hapa chuma kinaungama kwa msasa."

Jina la Katekista likanishika hadi nilipostaafu.

Kazi yetu ilikuwa kurudishia uhai vifaa vya malori vilivyoliwa na kutu: bampa, keria, ngazi za kupandia, na ngao, yaani yale mabomba ya mbele yanayokinga taa na rejeta. Malori ya mahindi kutoka Laela yalileta matope. Ya samaki kutoka Kipili, kando ya ziwa, yalileta maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi, nayo hula chuma kuliko mvua yoyote.

Kifaa kilifunguliwa, kikaoshwa kwa sabuni, kisha kikapigwa mchanga. Kupiga mchanga ni kuurusha kwa nguvu ya kompresa mpaka kutu yote itoke na chuma kibaki na rangi yake ya kijivu. Baada ya hapo kilifutwa kwa thina, ile dawa ya kuondoa mafuta na kuzimulia rangi, kikapuliziwa praima, ambayo ni rangi ya kwanza ya kushika chuma, na mwisho epoksi. Epoksi huja katika makopo mawili, moja la rangi na moja la kigumishi. Ukishavichanganya hakuna kwenda kunywa chai, maana hugandia ndani ya kopo. Ikikauka vizuri juu ya chuma, unaweza kuigonga kwa spana isibanduke.

"Chuma kilichopigwa mchanga kiko uchi," Fundi Mkuu alizoea kusema. "Kabla jua halijafika utosini, kiwe kimevaa."

Mimi nilikuwa mwandaaji. Mpuliziaji alikuwa Vitalis, kijana mwenzangu wa kutoka kijiji cha Kate, aliyekuwa haishiwi maneno. Matangazo yake ya ndoa yalikuwa yameshasomwa kanisani mara moja, na baba wa binti alikuwa amekubali kwa sababu moja tu: Vitalis alikuwa na kazi.

Nilikuwa nimeanza wakati wa mvua, kwa hiyo mwezi wa sita ulipofika ulikuwa msimu wangu wa kwanza wa baridi pale karakana. Upepo wa Ufipa wakati huo hupasua ngozi. Kwetu hakuna anayetoka nyumbani asubuhi bila kujipaka mafuta ya alizeti, kwani mtu aliyepauka huonekana hana wa kumtunza. Mimi nilitembea na kichupa mfukoni, na kila mikono ilipokauka niliipaka tena.

Katika majira hayo tulitengeneza ngao ya lori la mama mmoja mfanyabiashara wa samaki wa Kipili. Wiki chache baadaye lori likarudi. Utingo wake alishuka akicheka.

"Mafundi, ngao yenu imeona joto la ziwani ikavua koti."

Rangi ilikuwa imebanduka vipande vipande. Meneja wa karakana akaitazama mara moja tu, akamgeukia Fundi Mkuu.

"Huyu Vitalis amezidisha thina ili rangi imfikie kazi nyingi. Jumamosi apewe barua yake aende."

Vitalis akanifuata nyuma ya kompresa, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitania.

"Katekista, mimi thina sikuzidisha. Niombee tu, kaka."

"Nitakuombea," nikamjibu.

Alipoondoka nikaenda kuitazama ile ngao. Palipobanduka palikuwa na mpangilio. Juu ya bomba kulikuwa na michirizi minne iliyolala sambamba, na chini yake doa moja pana. Upande wa pili vilevile, umbali wa mabega ya mtu. Nikaweka mikono yangu juu ya alama zile. Zikaingia sawasawa. Nilikuwa nimeifuta ngao kwa thina ndani ya karakana, kisha nikaibeba kuipeleka kwenye stendi ya kupulizia kwa mikono yenye mafuta. Praima haishiki penye mafuta.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi nzima nilikaa kimya. Nilisali sana, na leo naweza kusema kwamba kusali kule kulikuwa kujificha, maana jibu la sala ile lilikuwa mdomoni mwangu mwenyewe. Nilihofia kibarua changu, na niliona aibu kwa jina nililopewa.

Ijumaa asubuhi nikaingia ofisini kwa Meneja. Fundi Mkuu alikuwemo.

"Mzee, rangi ya Vitalis haina kosa. Kosa ni la mikono yangu."

Tukatoka hadi kwenye ngao. "Weka mikono," akasema Fundi Mkuu. Nikaweka. Akatazama kwa muda, kisha akainua viganja vyake mwenyewe. Viling'aa.

"Baridi hii ya kwenu," akamwambia Meneja. "Hata mimi napaka hayohayo. Tungemfukuza mtu bure."

Meneja alivuta pumzi. "Barua ya Vitalis ichanwe. Na wewe, Katekista, utaipiga mchanga upya yote peke yako. Utavaa glavu za kitambaa, na kuanzia leo kila mwandaaji atazivaa."

Vitalis alipopewa habari alinijia na bunduki yake ya rangi mkononi.

"Kumbe siku ile ulikuwa unaniombea nifukuzwe kwa amani?"

Hapo sote tukacheka. Alifunga ndoa kama ilivyotangazwa.

Baadaye nilihamishiwa Laela, kwenye tawi la karakana yetu, chini ya Meneja wa Tawi aliyekagua kazi kwa kupitisha leso, na ikichafuka unaanza upya. Kisha Kate, kisha nikarudi Sumbawanga nikiwa Mkaguzi. Kazi ikirudishwa na mteja nilikichunguza kwanza chuma, mtu nikamwita baadaye. Wakati mwingine mtu aliponzwa na chumvi, na wakati mwingine na uvivu, lakini hakuna aliyehukumiwa nikiwa sijainama na kutazama.

Siku ya mwisho wageni wa kuniaga walikuwa wameshafika. Anastazia, mpuliziaji wetu, akanivuta pembeni.

"Mzee, keria ile ya asubuhi nimeipiga koti la pili kabla la kwanza halijakauka. Kwa macho iko poa, ila itavimba. Mwenyewe yuko njiani kuichukua."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimekuja."

Tukaishusha na kuikwangua pamoja, na wageni wakasubiri chai. Nimepata zawadi nyingi wakati wa kustaafu, lakini ile ya Anastazia kuja kusema bila kuulizwa ndiyo niliyomshukuru Mungu kwayo usiku huo kabla ya kulala.

Wewe unayesoma, Mungu aibariki kazi yako ionekanayo na ile isiyoonekana. Akupe viongozi wanaotazama kabla ya kuhukumu, na akupe ujasiri wa kusema mapema. Amina.